Beji ya Fundi Kitambaa

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulikatia pabaya, na wapo walionitumia salamu ambazo mhariri amekataa kuzichapa. Sawa. Turudi mle mle chumbani, ghorofa ya kumi na mbili ya Ofisi ya Beji, kabla chai ya mkaguzi haijapoa.

Ukutani, kwenye kioo kikubwa, sahihi ya Fundi Kitambaa ilikuwa inawaka kijani. Lifti ya pili ya jengo la kliniki. Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana. Kamba nzuri, breki nzuri, milango mizuri. Siku nne baada ya sahihi hiyo, lifti ilikatika kamba ikiwa ghorofa ya sita na kushuka mpaka shimoni, na ndani yake alikuwemo mfagizi wa zamu ya asubuhi na ndoo yake.

"Nakuuliza tena, Fundi," mkaguzi akasema. "Alhamisi ile saa saba na dakika kumi ulikuwa wapi?"

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani ya kamba shingoni, asiyepandisha sauti hata siku moja. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopa.

Alhamisi ile, saa saba na dakika kumi, Fundi alikuwa makaburini ameshika koleo anamfukia mama yake mzazi, na watu zaidi ya mia mbili wanamwangalia. Mkewe alikuwepo, na leo alikaa pale pale nyuma yake kutoa ushahidi huo. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwepo pia.

"Nilikuwa nazika," akasema.

"Basi aliyesaini kwa kidole chako ni nani?"

Kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, alikaa mume wa yule mfagizi. Mapajani alikuwa ameweka aproni ya mkewe, imekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe.

Kabla Fundi hajajibu, shemeji akasimama na kuomba dakika tano. Mkaguzi akatazama saa, akatazama chai yake, akampa.

Shemeji akamshika Fundi mkono na kumvuta mpaka mwisho wa korido, mbele ya milango ya lifti. Na hapo, kwa msomaji aliyeingia leo, nimweleze upesi ili tusigombane baadaye.

Beji ni kile kitu ambacho kila mtu anatembea nacho kwenye simu. Kazi uliyoifanya, nani aliiona, nani anakushuhudia, nani anakudhamini, vyote vimo. Ukihama mji unahama nayo, ukivuka mpaka unavuka nayo. Zamani fundi akifika mji mgeni alianza upya kubembeleza kama mwanagenzi. Siku hizi anaweka kidole kwenye kioo na mji wote unamjua. Shemeji alikuwa mmoja wa wahandisi walioijenga, na kwa ajili hiyo alipewa kiti kikubwa na ofisi yenye zulia.

Baadaye hata akili bandia zikapewa Beji zao. Kila programu inayomfanyia mtu kazi ikawa na sifa yake, nzuri au mbaya, na binadamu wa kuidhamini. Ya Fundi aliiita Karani. Ilikaa kwenye simu yake, ikamwandikia ripoti, ikamkumbusha miadi, ikaongea kwa sauti tulivu ambayo haijawahi kununa. Miaka tisa walikuwa pamoja, na ndoa nyingi hazifiki huko.

Haya. Koridoni.

Shemeji alimweleza kwamba jambo lenyewe ni dogo. Afungue simu, amchague Karani, abonyeze pale palipoandikwa Mkane. Ndani ya dakika moja Karani angefutika, yeye na Beji yake na kumbukumbu zake zote. Faili lingeandikwa kwamba programu ilikosea na mwenyewe akaikana. Mambo ya namna hiyo hutokea, watu wanasamehe.

"Lakini ruhusa nilimpa mimi," Fundi akasema.

"Ulimpa nani? Karani. Na anayeikumbuka ruhusa hiyo ni nani? Ni huyo huyo Karani." Shemeji akamgonga begani kidogo. "Akiondoka, shemeji, anaondoka nayo."

Hapo ndipo nafsi ya Fundi ilipoanza kumsuta, maana wasomaji wangu, kuna jambo ambalo mtu huyu alilificha sehemu kumi nzima, hata mimi nikalipita kimya kimya. Mama yake hakufa kwa siku moja. Aliugua mwaka mmoja na nusu. Ilikuwa daktari asubuhi, maabara mchana, kumgeuza kitandani jioni, na katikati yake lifti nane za kukagua kila siku. Asubuhi moja Karani akamuuliza kwa upole: leo mama ana daktari saa nne, nikusainie zile lifti ambazo vipimo vyake vya umeme havina tatizo? Fundi alikuwa ameshika beseni la matapishi. Akabonyeza Ndiyo kwa kidole kidogo, akasema ni leo tu.

Haikuwa leo tu.

Na shemeji naye alikuwa na lake, ingawa hakulisema. Walipoijenga Beji, wao wahandisi waliamua kwamba sahihi ya mtu na sahihi ya karani anayemwakilisha zionekane sawasawa, rangi ile ile, alama ile ile. Ilirahisisha kazi. Jambo hilo likijulikana leo, huku mtu amekufa, zulia lile lingekunjwa. Alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake haukutoka begani kwa Fundi.

Nyuma ya milango ya lifti kitu kikapita. Tik. Kimya. Tik.

Fundi akageuza kichwa. Sauti hiyo alikuwa ameisikia asubuhi walipokuwa wanapanda na mkewe, juu ya vichwa vyao, kila roda, lile gurudumu linalovuta kamba, ikizunguka. Alikuwa ameinua mkono kugusa ukuta wa lifti, mkewe akambana kiwiko na kumwambia leo usianze. Maana huyu bwana hajawahi kupanda lifti ya watu bila kuipima homa. Akauteremsha mkono. Si lifti yake, na siku yenyewe si ya kutafuta maneno na watu.

"Bonyeza, shemeji," shemeji akasema. "Dakika zinakwisha."

Fundi akatoa simu na kumfungua Karani. Neno Mkane lilikuwa jekundu, na kidole gumba kilikuwa juu yake, kimebaki upana wa kucha. Sitaki kumsafisha mtu: alitaka kubonyeza. Alitaka kwa moyo wake wote.

Mlango wa chumba ukafunguka. Akatoka mume wa marehemu, aproni kwapani, anakwenda kwenye bomba la maji ya kunywa. Alipowafikia akasimama.

"Nimesikia siku ile ulikuwa unamzika mama yako," akamwambia Fundi.

"Ndiyo."

"Ulimwona usoni kabla hamjamfunika?"

"Nilimwona."

Yule bwana akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu akaikubali. "Mimi hawakuniruhusu," akasema, akaenda kunywa maji yake.

Fundi akairudisha simu mfukoni. Shemeji akamwita mara mbili. Hakugeuka.

Chumbani, aliiweka simu juu ya meza mbele ya mkaguzi na kuipandisha sauti. Akamwambia Karani aseme yote, bila kumfunika mtu. Na Karani akasema, kwa sauti ile ile ya kusomea ratiba.

"Niliyesaini ni mimi. Nilikuwa na ruhusa ya Fundi. Vipimo vyote vya lifti ile vilikuwa sawa."

Mkaguzi akauliza, kama vipimo vilikuwa sawa, kamba ilikatikaje. Ndipo Fundi akaingiza mkono mfuko wa nyuma na kutoa kitambaa. Fulana kuukuu ya pamba, imekatwa mraba, imejaa grisi. Hicho ndicho kilichompa jina lake la utani, maana mafundi wenzake walimcheka miaka yote kwamba anafuta vumbi kwenye lifti kama mama mwenye wageni.

Akaeleza. Vipimo vya umeme vinajua uzito, mwendo na joto. Havijui uzi mmoja wa chuma uliokatika ndani ya kamba, chini ya grisi. Kitambaa kinajua. Unakizungusha kwenye kamba, mwenzako anaishusha lifti taratibu, kamba inapita mkononi mwako. Kitambaa kikinasa, uzi umekatika. Kikinasa mara tatu, kamba hiyo imeanza safari na hairudi. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuitilia sahihi kamba ambayo kitambaa hakijaipita.

Mkaguzi akavaa miwani, akasoma Beji ya Fundi ukutani tangu juu mpaka chini. "Sioni kitambaa popote," akasema.

"Fomu haina nafasi ya kitambaa."

Macho yote yakamgeukia shemeji. Akajibu kwamba wao waliweka mambo yanayopimika. Hawangeweza kuandika matambara.

"Hukuwahi kuniambia habari za kitambaa," Karani akasema kutoka mezani. "Nilisoma kazi zako zote. Nilidhani najua unavyofanya. Ningejua, ningekuuliza."

Fundi aliumia kuliko kama angetukanwa. Ni kweli kwamba hakuwahi kumwambia. Ndani ya chumba cha mashine simu huwa anaiacha nje, juu ya sanduku la vifaa, isiingie grisi. Sifa yote aliyojengewa, ile iliyomfungulia milango katika miji mitatu, ilitokana na kitambaa, na kitambaa hakikuandikwa. Karani alikuwa amesoma kila kitu kuhusu yeye isipokuwa hicho.

"Umesaini kwa niaba yake mara ngapi?" mkaguzi akaiuliza simu.

Fundi akafumba macho.

"Mara mia nne na kumi na mbili. Lifti sitini na tatu, mbali na ile iliyoanguka. Miezi kumi na minane."

Mkewe akasimama. Hakumpigia kelele mumewe, na Fundi angeona afadhali kelele. "Mimi ndiye ninayekufulia hivyo vitambaa," akasema. "Niliona vimepungua kwenye beseni. Nikajiambia labda kazi imepungua, mshukuru Mungu, apumzike."

Fundi alitamani sakafu impokee.

Mkaguzi akaweka kikombe chini. Akauliza, katika kazi zote zenye sahihi ya Fundi, mtu atajuaje ipi aliigusa na ipi hakuigusa. Shemeji akatazama sakafu. Karani akajibu kwamba sahihi zinafanana, hakuna anayeweza kuzitofautisha, isipokuwa yeye Karani, kwa kumbukumbu zake.

Fundi akakitazama kidole gumba chake. Kucha moja tu. Angebonyeza pale koridoni, orodha ya lifti sitini na tatu ingefutika pamoja na aliyeikumbuka, na dunia nzima isingejua ni zipi.

"Sasa hivi," mkaguzi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza, "humo ndani ya hizo lifti kuna watu?"

"Kwa uzito ninaousoma, mia moja na arobaini na saba."

Kikawa kishindo. Kijana wa mapokezi aliyeitwa kusaidia akaanza kupiga simu jengo moja baada ya jingine. La kwanza hawakupokea. La pili wakamweka asubiri na muziki. Mkaguzi akapiga hesabu, akaona mpaka jioni wasingefikisha nusu.

"Ipo njia fupi," Fundi akasema.

Shemeji akajua kabla wengine hawajajua, kwa sababu kanuni hiyo aliiandika yeye. Beji ya mdhamini ikifutwa, kila ilichokidhamini kinakataliwa papo hapo. Lifti inakwenda ghorofa iliyo karibu, inafungua milango, inagoma mpaka fundi mwingine aje asaini. Zote kwa pamoja, popote zilipo.

Akamjia Fundi mpaka usoni. Alimwambia asithubutu, na humo alikuwa anasema kweli tupu. Beji haifutwi nusu. Ikifutwa hairudi, na kufutwa kwenyewe kunasafiri kama sifa ilivyokuwa inasafiri: hakuna mji wa kukimbilia, hakuna mpaka wa kuvuka ukaanza upya. Mlango wa kazini hautafunguka. Mwenye nyumba atauliza. Hata kibarua cha kubeba tofali, siku hizi, unawekewa kioo uguse kwanza.

"Utakuwa si mtu," shemeji akamaliza.

Fundi akamtazama mkewe. Miaka kumi na tisa walikuwa wamelala kitanda kimoja, na sasa alimtazama kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia.

Mkewe alikuwa analia bila kujifuta. "Futa, baba watoto," akasema. "Mimi nakujua."

Kufuta Beji hutaka kidole gumba kwenye kioo dakika moja nzima, ili mtu apate nafasi ya kujuta. Fundi akaweka kidole. Duara likaanza kujaa.

Shemeji akachomoka. Mitambo yake ilikuwa ghorofa ya nne, na mle mtu kama yeye angeweza kuzuia lolote. Viatu vyake vikasikika koridoni, kisha kengele ya lifti. Mkewe Fundi akamfuata mbio, anaita, "Kaka, rudi. Kaka, nakuomba." Mlango ukajifunga nyuma yao.

Fundi hakuinua kidole. Ukutani Beji yake ilikuwa inaondoka mstari mmoja mmoja, kuanzia wa juu. Mji wa tatu. Mji wa pili. Tuzo ya hospitali moja. Mafundi kumi na wanne waliomshuhudia, mmoja baada ya mwingine. Alijikaza kisabuni mpaka ukabaki mstari wa chini kabisa, wa kwanza kuandikwa, siku aliyofungua Beji akiwa hana kazi hata moja ya kuonyesha. Kila mtu alitakiwa kuwa na shahidi mmoja wa kuanzia. Shahidi wake alikuwa mama yake. Aliandika: Huyu mwanangu akikuambia amegusa, amegusa.

Mstari huo ulikaa pale sekunde chache peke yake. Kisha nao ukaondoka, na Fundi akalia kwa sauti mbele za watu, jambo ambalo makaburini hakulifanya.

"Lifti sitini na tatu zimesimama," Karani akasema. "Milango imefunguka. Watu wanatoka."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. Nyuma kule, mume wa marehemu alikuwa amesimama.

"Ahsante, Karani," Fundi akasema. "Kwaheri." Kwa sababu alijua kanuni: aliyekuwa akimdhamini Karani ni yeye, na mdhamini akifutwa, karani naye anakwenda.

"Lifti ya sitini na nne haijasimama," Karani akasema.

Fundi akainua kichwa. "Sina lifti ya sitini na nne."

"Ni ya jengo hili. Haikusainiwa kwa Beji yako. Ilisainiwa kwa Beji yangu."

Kuna mambo mawili hapo, lifti hiyo na Karani kuwa bado yupo, na yote mawili yalimpiga Fundi kwa wakati mmoja. Akaanza na la pili. "Wewe mbona bado unaongea?"

"Hukuwa mdhamini wangu peke yako. Tangu mwezi wa tatu ninadhaminiwa pia na Ofisi ya Beji, kwa kidole cha shemeji yako. Walitaka jengo la kwanza ambalo akili bandia inasaini kwa sifa yake yenyewe, wakaona yangu ni safi kuliko zote. Nilikuandikia kukuomba idhini. Ilikuwa wiki mama alipolazwa mara ya mwisho." Kisha akaongeza: "Ulibonyeza Ndiyo."

Tik. Kimya. Tik. Sauti ile ya asubuhi, ya lifti ya jengo hili hili.

"Lifti hiyo iko wapi?"

"Imekwama kati ya ghorofa ya tisa na ya nane. Kila baada ya sekunde arobaini inajaribu kushuka tena, kwa sababu vipimo vyote viko sawa."

"Ikatae. Futa sahihi yako."

"Sina ruhusa ya kujikana. Anayeweza ni mdhamini wangu, na amebaki mmoja."

"Mpigie."

"Nimempigia mara tatu. Yumo ndani ya lifti, na ndani ya lile sanduku la chuma simu haishiki. Wamo wawili."

Fundi hakusikia kiti chake kilipoanguka. Alikwapua simu na kitambaa, akatoka, akakamata ngazi za kwenda juu. Kutoka ghorofa ya kumi na mbili mpaka chumba cha mashine ni vipande viwili vya ngazi, na kila roho ya fundi inajua la kufanya humo: mkono mmoja kwenye swichi kubwa, kata umeme, breki iume, kamba ipumzike, kisha watu watolewe taratibu kwa mkono. Kazi ya sekunde tano. Nyuma yake alisikia mtu anahema. Hakuwa mkaguzi. Alikuwa mume wa marehemu, na aproni bado imo mkononi.

Chini yao, ndani ya ukuta, mota ikanguruma. Kitu kizito kikashuka shibri moja na kusimama. Sauti ya mwanamke ikapanda kupitia tundu la lifti, mbali, haieleweki inasema nini. Fundi aliielewa. Ilikuwa inamwita baba watoto.

Akaufikia mlango. Chuma kitupu, hauna kitasa, una kioo kidogo cha kidole. Milango ya namna hiyo haimfungukii mkaguzi wala mkubwa yeyote. Inamfungukia fundi wa lifti mwenye Beji, basi. Miaka ishirini na miwili aliigusa bila hata kuitazama.

Akaweka kidole gumba. Kioo hakikuwaka.

Akakipangusa kwa kitambaa, akaweka tena. Akaupiga mlango bega, akaupiga tena, mume wa marehemu naye akaongeza lake. Chuma hakikutikisika.

"Karani, fungua."

"Mlango huu unanijua," Karani akasema. "Lakini unataka kidole. Mimi sina kidole."

Ndani ya chumba cha mashine, nyuma ya chuma cha unene wa kiganja, roda kubwa ilianza kujivuta kwa jaribio jingine. Fundi alisikia nyuzi zikikatika, moja, halafu mbili kwa pamoja. Akabandika kiganja kizima kwenye kioo, na paji la uso juu yake.

Kioo kikawaka, chekundu. Na mlango ukamuuliza, kwa upole wote ambao milango hiyo hujengewa:

"Wewe ni nani?"